Uzi wa Sita wa Mzee Andaye

Ujumbe wa Hannah uliingia Alhamisi alasiri, nyimbo tisa zikiwa tayari zimerekodiwa na Hezron ameomba maji ya kunywa kabla ya kuanza wa kumi. Uliingia kwenye simu ya mkewe, Pauline, maana Hezron ni mtu wa kitochi, simu isiyo na intaneti, na hata hicho kitochi hukisahau kwenye gari la bosi. Pauline aliusoma kimya, akausoma tena, kisha akatamani angekuwa hajui kusoma.

"Mama Emmah, mbona uso umekuwa hivyo? Kuna aliyekufa?"

"Hajafa mtu. Shika usome."

"Nisomee. Miwani iko kwa begi."

Akamsomea. "'Mimi ni Hannah, binti ya marehemu Mzee Christopher Andaye. Niko hapa Riyadh, nafanya kazi ya nyumba. Nimeona kwa group ya watu wa Vihiga kwamba Hezron anarekodi albamu ya kuheshimu wazee wa gitaa. Hao wengine sina neno. Wimbo wa baba yangu asiuguse. Yeye mwenyewe anajua kwa nini.'"

Hezron aliweka bilauri sakafuni. Alilichukua gitaa, akawageuzia mgongo mkewe na fundi wa kurekodi, akalegeza nyuzi zote sita, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikaning'inia. Ndivyo alivyofanya kila alipomaliza kupiga, miaka yote thelathini ya ndoa yao, na Pauline alikuwa amekwisha kuchoka kumuuliza. Wazee wa gitaa kavu walikuwa hivyo. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kukaza nyuzi, aliyoihesabu kuwa mali kuliko ng'ombe, na kabla ya kuliweka gitaa chini alizilegeza, asije mpita njia akajua siri. Wengi walikufa nazo. Ubahili gani huo, Pauline aliwaza, wa kumnyima mtu kitu ambacho ukimpa hakikupungukii?

"Halas," Hezron alisema. "Tisa zinatosha."

Kipchumba alivua vipokea sauti masikioni. Alikuwa fundi wa sauti kwenye matamasha makubwa ya Riyadh, mtu mpole wa Eldoret, na chumba hiki alikuwa amekipanga kwa mshahara wake na kukipigilia magodoro ukutani. Alimsikia Hezron kwenye harusi ya Wakenya huko Kandara, Jeddah, akamfuata mpaka mlangoni akimsihi: njoo Riyadh nikurekodi bure, Mzee, haya mambo yatapotea.

"Mzee," alisema taratibu, "si ni wewe ulisema bila huyu mzee wa kumi, hao tisa wengine ni salamu tu?"

"Nilisema. Sasa nasema zinatosha."

Akatoka nje. Pauline alibaki na chupa yake ya soda mkononi na kile kijiti cha chuma cha kuigongea. Gitaa kavu ni watu wawili. Mmoja hupiga nyuzi kwa dole gumba na kidole kimoja tu, asitake umeme wala ngoma, na wa pili hugonga chupa kushika mwendo. Kwa miaka yote hiyo chupa ilikuwa ya Pauline, na hakuwahi kufikiri kuwa ni kitu. Ni asubuhi hiyo tu, Kipchumba alipomvika vile vipokea sauti juu ya kilemba na kumsikilizisha wimbo wa kwanza, alipojisikia kwa mara ya kwanza: chupa yake inatembea ndani ya gitaa la mumewe, haikosei hatua. Aliona haya. Kisha akaona fahari, akaomba arudishiwe mwanzo.

*

Alimkuta Hezron kwenye ngazi za jengo, amekaa karibu na mitungi mitupu ya gesi.

"Baba Emmah, sema."

"Niseme nini?"

"Tumekaa kwa basi kutoka Jeddah mpaka hapa, mgongo wangu bado uko njiani. Nimemlamba madam miguu ili tupewe siku mbili. Ameniuliza kama mume wangu ni msanii au ni dereva, watoto wake wakacheka, nikacheka nao. Sasa nataka kujua nilichekea nini."

Wote wawili walikuwa wa nyumba moja huko Al-Hamra, Jeddah, yeye mpishi, mumewe dereva, na chumba chao kilikuwa kile cha kando ya geti, ambacho kitanda kikiingia mlango unabaki nusu wazi. Humo ndimo Hezron alipokuwa akifanyia mazoezi kwa sauti ya chini, upenyo wa mlango umezibwa kwa taulo. Siku moja bosi alisikia. "Redio hiyo punguza," alisema, na Hezron akajibu, "Sawa, baba." Hakumwambia kwamba haikuwa redio. Mkataba wao ulikuwa unaisha baada ya miezi minne, na kidole chake cha kupigia kilikuwa kimeanza kukakamaa asubuhi. Hayo Pauline aliyajua. Alichokuwa hajui ni hiki alichoambiwa sasa, mumewe akiangalia ukuta.

"Huo wimbo niliuiba."

"Uliuiba vipi? Wimbo ni kuku?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mzee Andaye hakuwa anafundisha mtu, na huo wimbo hakuwahi kuupiga kwa harusi wala matangani. Alikuwa anaupiga jioni, kwake, peke yake. Nikawa naenda kujificha nyuma ya jiko lao. Miezi mitatu. Anakaza nyuzi nasikia, anapiga nasikia, naenda nyumbani najaribu. Siku nilipoupata wote, sikurudi tena. Nikaenda Nairobi, nikaupiga kwa baa, watu wakanibeba juu. Nikasema ni wangu. Alipokufa sikuenda kumzika. Ningemwambia nini mtu amelala hivyo? Hakuna kanda yake hata moja, Mama Emmah. Wimbo wenyewe uko kwa hivi vidole tu, na hivi vinakataa. Nilitaka hii albamu iseme ni wake. Nilitaka niurudishe kabla sijashindwa."

Pauline alitaka kumkaripia. Mume wa miaka thelathini, na jambo la namna hii anakuja kuambiwa juu ya ngazi za watu! Lakini alipomwona anavyovifinya vidole vyake, ulimi ukamlegea.

"Mtu ukitaka cha mvunguni si unainama?" alisema. "Huyo binti hajasema usiuguse milele. Amesema unajua kwa nini. Anataka umwendee."

"Atanitukana."

"Atukane. Umetukanwa na watu wasio na haki ya kukutukana, ukajibu 'sawa baba'. Huyu ana haki. Nitauliza kwa group anakofanya kazi, twende kesho asubuhi."

*

Nyumba aliyofanyia kazi Hannah ilikuwa kaskazini mwa Riyadh, ukuta mrefu kuliko nyumba, geti la chuma lenye rangi ya maziwa. Hezron alikuwa amevaa koti lake la suti kwenye jua lile. Pauline alibonyeza kengele, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kisanduku, ikiuliza kwa Kiarabu ni nani.

"Min?"

"Madam, namtafuta Hannah. Sisi watu wa kwao. Kenya."

"Mafi shughul. Yalla."

"Si kazi, madam. Hannah tu. Dakika tano."

Kisanduku kikanyamaza. Mlinzi wa jengo la jirani akamwashiria Hezron asogee, asisimame kwenye kivuli cha gari la watu. Hezron akasogea. Akasogea tena, mpaka akawa amesimama juani kabisa na begi la gitaa mgongoni, na Pauline akaangalia upande mwingine ili asimwongezee aibu. Walikuwa wamekwisha kukata tamaa mlango mdogo wa geti ulipofunguka, akatoka mwanamke wa makamo amebeba mfuko wa taka. Alikuwa mnene wa mabega, ana macho ya kutazama mtu mpaka mtu ajitazame.

Hannah aliweka mfuko chini. Hakumpa mkono mtu.

"Mtoto wa Lukalo," alisema, akimwita Hezron kwa jina la babake. "Umezeeka."

"Dada Hannah," Hezron alianza, "nimekuja kuomba—"

"Nilikuwa nakuona, unajua? Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alikuwa ananituma: 'Hannah, enda uone kama yule kijana amekuja.' Nachungulia chini ya ukuta wa jiko, naona miguu yako na viatu vya tairi. Narudi namwambia, 'Amekuja.' Ndio anaanza kukaza nyuzi. Polepole. Mmoja, anangoja. Wa pili, anangoja. Ulidhani kwa nini alikuwa anakaza polepole hivyo?"

Hezron alishusha begi la gitaa mgongoni.

"Ulidhani ni uzee? Baba hakuwa mzee. Alikuwa anakupatia. Na alimwambia mama mdogo kila jioni aweke kikombe cha tatu. Cha kwake, cha mama mdogo, na cha yule kijana, siku akiamua kuingia kwa mlango. Miezi mitatu, Hezron! Chai inapoa, mimi ndio naimwaga. Siku ulipoacha kuja alikaa nje mpaka giza likaingia. Hakukasirika kwamba umeiba. Alikasirika kwamba hukupiga hodi."

Pauline alishika geti la watu. Mtu mzima anakaa na siri yake miaka na miaka, anazilegeza nyuzi kila siku asionekane, kumbe aliyeibiwa alikuwa akimpa kwa mikono miwili.

"Nisamehe," Hezron alisema. Alisema kwa Kimaragoli, halafu akarudia kwa Kiswahili kana kwamba lugha moja haikutosha.

"Bado. Hujajua kitu kimoja." Hannah aliuokota mfuko wake. "Ulichoiba si wimbo mzima. Uzi wa sita, ule mnene, baba alikuwa anauita mama, tangu amzike mama yangu. Siku ukiwa nje alikuwa anaukaza vingine, na akifika mahali pake anaruka, ananyamaza. Alisema, 'Hao watoto watano aibe, mama haibwi. Mama anaombwa.' Sasa wewe unaupiga na shimo ndani yake."

"Kuna mahali…" Hezron alisema. "Kuna mahali alikuwa anakaa kimya. Kila wimbo ukiuliza swali. Mimi nikapajaza."

"Na nini?"

"Na vidole. Mbio mbio. Hapo ndipo watu hupiga makofi."

Kwa mara ya kwanza uso wa Hannah ukalainika kidogo. Sauti ikatoka kwenye kisanduku, ikamwita mara mbili.

"Nionyeshe huo uzi," Hezron alisema. "Nakuomba."

"Hapa? Kwa geti la mtu, na taka mkononi? Baba alikutaka uingie kwa mlango. Na mimi hapa sina mlango wangu." Akaangalia ule mlango mdogo aliotokea. "Niachie. Nitumie kwa simu mahali mnaporekodia. Madam si mtu mbaya, ni wa kuombwa vizuri. Wakitoka kula chakula cha Ijumaa nitamwomba dereva anilete. Mkiona sijafika, jueni imekataa."

*

Basi lao lilikuwa la saa kumi na moja jioni, na Jumamosi alfajiri Pauline alipaswa kuwa jikoni Al-Hamra akikanda unga. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Hezron alikaa kwenye kiti na gitaa lililolegea mapajani, haligusi. Kipchumba alihamisha kipaza sauti kimoja mara nne bila sababu. Pauline alikuwa amenunua chai ya maziwa kwenye chupa ya moto kwa Mhindi wa chini, na kila gari lililofunga breki mtaani lilimnyanyua kwenye kiti.

Saa tisa na nusu mlango ukagongwa. Hannah aliingia na abaya yake, akihema kwa ngazi.

"Nina nusu saa. Dereva amesema ataninyima hata dakika moja ya juu." Alitazama chumba, yale magodoro ukutani, nyaya, mashine. Kisha akavuta kiti, akakiweka katikati, akakikalia wima, mikono magotini. "Haya. Mimi ni nyumba ya Andaye. Toka nje, Hezron, halafu uje vile watu huja."

Kipchumba alimtazama Pauline. Pauline akamtikisia kichwa: nyamaza.

Hezron alisimama. Miaka hamsini na saba, dereva wa watu, kichwa kimejaa mvi, alitoka hadi ukumbini na gitaa lake, na mlango ukafungwa nyuma yake. Pauline alisikia feni ya mashine ya Kipchumba ikizunguka. Akawaza, ameondoka huyu, ameshuka ngazi, amerudia tabia yake ya kukimbia.

Kisha mlango ukagongwa mara tatu, kwa upole.

"Hodi," Hezron alisema. "Hodi hapa kwa Mzee Andaye."

Hannah alijifuta macho kwa upande wa abaya. Alikuwa mwanamke wa kujikaza, ilionekana wazi, lakini kuna mambo ambayo mtu huyajia na nguvu zake zote na bado yakamshinda.

"Karibu," alisema. "Ingia, mwanangu. Chai iko."

Hayo hayakuwa maneno yake, na kila mtu mle ndani alijua ni ya nani. Pauline akamimina chai, akampa Hezron kwa mikono miwili, na Hezron akainywa yote akiwa amesimama, machozi yakimwagikia ndevu, asijali kwamba ilikuwa moto.

Hannah akalipokea gitaa. Alikaza nyuzi tano haraka, kwa vidole vilivyokauka kwa sabuni, na Hezron akawa anaitikia kila mmoja kwa kichwa: ndiyo, ndiyo. Alipofika wa sita alipunguza mwendo. Akaushusha. Akaushusha tena, chini ya pale Hezron alipozoea, chini zaidi, mpaka Kipchumba akashindwa kuvumilia.

"Auntie, ukiendelea hivyo utalegea kabisa, hautatoa noti."

"Ngoja," Hannah alisema. Akaushusha unywele mmoja zaidi, akaupiga kwa gumba.

Sauti iliyotoka haikuwa kubwa. Ilipita sakafuni, Pauline akaisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni. Hezron alirudi nyuma hatua moja.

"Yesu," alisema.

"Rekodi," Hannah akamwambia Kipchumba, akimrudishia Hezron gitaa. "Nina dakika kumi na tano."

Mara ya kwanza ilikuwa vibaya. Wimbo wenyewe ni wa mtu aliyetoka kumzika mkewe. Mvua imenyesha, watu wanapanda, naye hajui jembe liliko, kwa sababu aliyekuwa akiliweka ni mkewe. Anatafuta nyuma ya mlango, anatafuta ghalani, anatafuta mvunguni, na kila mahali anauliza: wewe uliyeliweka, jembe liko wapi? Hezron alipofika kwenye swali la kwanza, vidole vyake vikatoka mbio vyenyewe, mbwembwe za miaka arobaini, zile zile za makofi.

"Punguza," Hannah alisema. "Baba hakuwa na haraka. Uliza, halafu nyamaza, halafu mguse mama mara moja tu. Mara moja."

Wakaanza upya. Pauline alishika mwendo na chupa yake, polepole. Mtu yule akatafuta nyuma ya mlango. Akauliza: jembe liko wapi? Hezron aliinua vidole vyote kwenye nyuzi, jambo ambalo Pauline hakuwahi kumwona akilifanya, akangoja kwa muda uliotisha, kisha dole gumba likaanguka juu ya uzi wa sita.

Na mke wa mtu yule akajibu. Pauline hakujua namna nyingine ya kulisema jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Alikuwa ameusikia wimbo huo mara elfu, kwenye maharusi, kwenye chumba cha kando ya geti, akiuhesabu kuwa wimbo wa mgane anayeuliza hewa. Kumbe haukuwa hivyo. Mwanamke aliitika kutoka chumba cha pili, bila kuinua sauti, kama mtu aliyekuwa humo siku zote. Mkono wa Pauline wenye kijiti ulikuwa juu, pigo linalofuata likiwa lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kugonga chupa hakuliachia. Aliushikilia mkono pale pale hewani mpaka sauti ile ikaisha yenyewe.

Ghalani. Jembe liko wapi? Akajibu. Nje, honi ya dereva ikapiga, ndefu, ikapiga tena. Kipchumba hakuzima mashine, wala Hannah hakugeuka. Alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja, kama mtoto anayesikiliza kama ameitwa. Mvunguni. Jembe liko wapi? Hezron akainua vidole, akangoja, akaangusha gumba, na jibu la tatu likatoka zito kuliko yote, likakaa chumbani, likapungua, likapungua, mpaka likafika mwisho.

"Ndiye," Hannah alisema, macho bado yamefumba. "Ndiye mama."